Je, wajua kwa nini watengenezaji wa gemu huwafuata wachekeshaji?

Mwaka 1986 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa gemu ya mashine ya kuchezea nyumbani ya Famicom iliyobuniwa na Takeshi Kitano, ambaye wakati huo Wajapani walimjua zaidi kwa jina la Beat Takeshi, mchekeshaji mwenye ulimi mkali. Gemu hiyo, Takeshi no Chōsenjō, ilijaa mambo ambayo mhandisi wa kawaida asingethubutu kuyaweka. Kuna mahali mchezaji anatakiwa aimbe kwenye maikrofoni iliyokuwa kwenye padi ya pili, kile kifaa cha mkononi chenye vitufe. Kuna ramani ya hazina ambayo njia mojawapo ya kuifanya isomeke ni kuiacha juani saa nzima, saa ya kweli ya ukutani, bila kugusa kitufe hata kimoja. Ukivumilia mpaka mwisho, ukasubiri na kidogo, gemu inakuuliza umejipa taabu yote hiyo ya nini kwa kitu kama hiki.

Wengi walikasirika, na mpaka leo gemu hiyo hutajwa kila zinapotajwa gemu mbovu za Japani. Mimi naiona tofauti. Takeshi alitambua kwamba mtu aliyeshika padi ni hadhira, na kwamba hadhira inaweza kutaniwa.

Basi watu ambao kazi yao ni kusimama jukwaani na kuwavunja wengine mbavu wanatafutiwa nini kwenye programu ya kompyuta? Jibu jepesi ni kwamba wana majina na sauti zinazouza. Hilo lipo, ila haligusi kiini. Kiini ni kwamba gemu ina tatizo ambalo mwandishi wa filamu au wa kitabu halijui, na mchekeshaji amekuwa akipambana nalo kila usiku wa kazi yake.

Tatizo lenyewe ni wakati. Mchekeshaji hutega, hunyamaza kidogo, kisha hufyatua. Ule ukimya wa katikati ndio wenye kazi: ukiukata mapema watu bado hawajafika, ukiuchelewesha wameshakutangulia. Kwenye filamu ukimya huo hushikwa na mhariri. Kwenye gemu umeshikwa na mchezaji, naye hana subira. Mhusika akianza kusimulia jambo, mchezaji anaruka juu ya meza, anavunja taa, anatoka chumbani kwenda kutazama kilichopo nyuma ya mlango. Tena akishindwa mara kumi mahali pamoja, ataurudia mzaha uleule mara kumi, na hakuna mzaha unaopona baada ya hapo.

Mchekeshaji wa jukwaani anaijua hali hiyo vizuri. Ukumbini hakosekani mtu wa kudakia maneno, wa kucheka mapema, wa kuinuka katikati ya hadithi. Mzoefu haombi watu wakae kimya. Huja na majibu mengi kichwani, na huyatoa kana kwamba yamezaliwa papo hapo. Ustadi huo ndio gemu zinaouhitaji: kuandaa mapema jibu la kila upuuzi ambao mtu anaweza kuufanya.

Aliyelionyesha hilo kwa uwazi zaidi ni Douglas Adams, mwandishi aliyetoka kwenye vichekesho vya redio ya BBC. Mwaka 1984 yeye na Steve Meretzky wa kampuni ya Infocom ya Marekani walitoa gemu ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Haikuwa na picha hata moja: unasoma, unaandika amri, inakujibu kwa maandishi. Wengine wangeridhika kuandika majibu ya amri sahihi na kuacha zilizobaki zijibiwe kwa sentensi moja kavu ya kusema haiwezekani. Adams alifanya kinyume. Kwake makosa ndiko kulikokuwa na starehe, kwa hiyo aliyaandikia kwa moyo wote. Kwenye orodha ya vitu ulivyobeba mna kitu kinachoitwa "hakuna chai", na baadaye inabidi uwe na chai na "hakuna chai" kwa wakati mmoja.

Fumbo lake maarufu zaidi ni la samaki aitwaye Babel, anayekuwezesha kuelewa lugha zote. Unabonyeza kitufe cha mashine, samaki anaruka nje, anapita chumba kizima na kutumbukia kwenye tundu la ukutani. Unaliziba tundu kwa joho lako. Safari hii samaki anateleza kwenye joho na kuingia kwenye mfereji wa sakafuni. Unaufunika mfereji kwa taulo. Inatokea roboti ya usafi inamzoa. Unaizuia kwa begi, na hapo inakuja nyingine inayoruka hewani. Kila ukidhani umemaliza, panaongezeka balaa moja, tena la kipuuzi kuliko lililotangulia. Hiyo ni kanuni ya zamani ya vichekesho, kupandisha upuuzi ngazi kwa ngazi, isipokuwa hapa anayepanda ngazi ni mchezaji mwenyewe. Watu waliteseka na fumbo hilo kiasi kwamba Infocom iliuza fulana za kutangazia kwamba umempata samaki.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1995, kampuni ya Jellyvision ya Chicago iliutoa ujuzi huo kwenye maandishi na kuuingiza kwenye sauti. Gemu yake, You Don't Know Jack, ni shindano la maswali linaloongozwa na mtangazaji mwenye maneno mengi. Ukichelewa kujibu, anakuchokoza. Ukichagua jibu la kijinga, ana maneno yake mahususi kwa jibu hilohilo, siyo "umekosea" ya jumla. Ukiona hasira na kuandika tusi badala ya jibu, anakujibu pia, na pointi zako zinashuka. Kila neno lilikuwa limerekodiwa zamani, lakini vipande vimekatwa na kuunganishwa kwa mwendo wa mazungumzo, hata mtu anasahau kwamba upande wa pili hakuna mtu. Harry Gottlieb, mwanzilishi wa kampuni, aliziandika kanuni za namna hiyo ya kuongea na mtumiaji, nazo zinafaa kusomwa na yeyote anayetengeneza programu, hata ya benki: mpe mtu jambo moja la kufanya kwa wakati, usimwache kwenye ukimya asiouelewa, na umwonyeshe kwamba alichokifanya kimeonekana.

Warithi wa Jellyvision, Jackbox Games, walisogea mbele zaidi. Kwenye Quiplash ya mwaka 2015, gemu inatoa sentensi yenye pengo, wachezaji wanaijaza kwa simu zao, na waliopo wanapigia kura jibu lililowachekesha. Programu haijaribu tena kuchekesha. Inatega tu, kisha inawaachia watu wafyatue. Ni uamuzi wa unyenyekevu, na kwa maoni yangu ndio uamuzi wa kijanja kuliko yote niliyoyataja hapa.

Mfano ambao wachezaji wa siku hizi wanaukumbuka zaidi ni Portal 2 ya mwaka 2011. Mwingereza Stephen Merchant, aliyeunda The Office pamoja na Ricky Gervais, anatoa sauti ya Wheatley, roboti ya duara yenye jicho moja na akili haba. Mwanzoni kabisa Wheatley anamwomba mchezaji aseme neno moja tu, "ndiyo", ili ahakikishe ubongo wake haujaharibika. Skrini inakuonyesha kitufe cha kubonyeza ili uongee. Unabonyeza, na mhusika wako anaruka. Wheatley anakueleza kwa upole kwamba hicho ulichofanya ni kuruka, anakuomba sasa useme "tufaha", nawe unaruka tena. Hakuna filamu inayoweza kufanya mzaha huo, kwa sababu unategemea kidole chako. Baadaye anatakiwa afungue njia kwa ujuzi wake wa mitambo, naye anakataa kata kata kufanya kazi huku akitazamwa. Inabidi ugeuke, uangalie ukuta. Ukiwa umempa mgongo unasikia kioo kikivunjika.

Waandishi wa Valve, kampuni iliyotengeneza Portal 2, ndio waliozitega nafasi hizo, lakini Merchant ndiye aliyezijaza pumzi: kusitasita, kujikosoa katikati ya sentensi, kuongea mpaka ajiingize matatani. Sauti ya namna hiyo humvumilia mchezaji akizurura, kwa sababu yenyewe nayo inazurura. Danny Wallace, mwandishi na mchekeshaji wa Uingereza, alifanya kazi ngumu zaidi kwenye Thomas Was Alone ya mwaka 2012. Wahusika wote wa gemu hiyo ni mistatili ya rangi, haina macho wala mdomo. Masimulizi yake yaliipa wivu, woga na mapenzi, na mwaka 2013 yakampa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji.

Si kila mchekeshaji aliyeitwa alitumika hivyo. Kwenye Grand Theft Auto IV ya mwaka 2008 unaweza kuingia kwenye klabu ya vichekesho na kumtazama Ricky Gervais au Katt Williams akitumbuiza. Wanachekesha kweli, na kazi ya kunakili miondoko yao ilikuwa kubwa. Hata hivyo pale mchezaji anageuka mtazamaji tu: anakaa, anatazama, anaondoka. Majina makubwa mengi yaliyonunuliwa kwa ajili ya tangazo yaliishia hapo.

Lipo jambo jingine ambalo wachekeshaji wanalielewa kuliko watu wengi, nalo ni kushindwa. Mchekeshaji Dara Ó Briain aliwahi kulisema jukwaani kwa namna inayobaki kichwani: hakuna kitabu kinachokufungia kurasa zilizobaki eti hukuelewa maudhui ya sura zilizotangulia, lakini gemu hukufungia nje mchana kweupe kwa sababu vidole vyako ni vizito.

Penn na Teller, wanamazingaombwe wachekeshaji wa Marekani, walilichukua hilo mpaka ukingoni. Wanasiasa walikuwa wakilalamikia ukatili kwenye gemu. Seneti ilianza vikao kuhusu jambo hilo Desemba 1993. Penn na Teller wakatengeneza Desert Bus, gemu isiyo na ukatili wowote. Unaendesha basi tupu kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa muda wa kweli, yaani safari ya muda wa saa nane nzima, mwendo usiozidi kilomita 72 kwa saa. Basi huvutia kulia kidogo kidogo, kwa hiyo huwezi kuachia padi. Huwezi kusimamisha gemu. Ukitoka barabarani, gari la kuvuta linakurudisha Tucson, nalo kwa muda wa kweli. Ukifika salama unapata pointi moja.

Ilipangwa itolewe mwaka 1995 ndani ya mkusanyo ambao haukuwahi kuuzwa, ila nakala zilisalia. Mwaka 2007 kundi la vichekesho la LoadingReadyRun la Victoria, Kanada, lilianza kuicheza mubashara kuchangisha fedha za shirika la Child's Play, linalopeleka gemu na vitu vya kuchezea kwenye hospitali za watoto. Kadiri watu wanavyochangia, ndivyo madereva wanavyozidi kukaa kwenye basi. Limekuwa jambo la kila mwaka, na zimekusanywa dola kwa mamilioni.

Japani nako kushindwa kulipata mwenyewe. Tangu mwaka 2003 mchekeshaji Shinya Arino amekuwa akicheza gemu za zamani kwenye kipindi cha televisheni cha GameCenter CX, kilichoanza hata kabla YouTube haijaanzishwa. Arino si fundi wa padi. Anashindwa, anakuna kichwa, anarudia, na watazamaji wanakaa naye wakimwombea. Mwaka 2007 kipindi hicho kikazaa gemu ya Nintendo DS, mashine ya mkononi yenye skrini mbili. Skrini ya juu unacheza. Skrini ya chini inaonyesha watoto wawili wamekaa sakafuni mbele ya televisheni, mmoja ni wewe, mwingine ni Arino wa utotoni. Unapocheza, Arino mdogo anadakia kila kitu unachofanya.