Kidonda cha operesheni kikitunga usaha: yanayosemwa Bukavu na yaliyo kweli

Saa za kutembelea wagonjwa, wodi za upasuaji hapa Bukavu hujaa ushauri. Usile mayai. Usiguse maji. Mtumeni mtu akanunue kapsuli ya antibiotiki tunyunyize kidondani. Wanaosema hivyo wanampenda mgonjwa, na ndiyo maana inauma kuona baadhi ya ushauri huo ukimrudisha mezani kwa daktari. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, watu 11 katika kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi ya kidonda. Barani Afrika, kwa mama wanaojifungua kwa upasuaji, hufika hadi 1 kati ya 5.

"Kidonda kimeoza kwa sababu daktari ni mchafu."
Uzembe upo, na mikono isiyooshwa huua. Lakini vijidudu vingi mgonjwa huingia navyo mwenyewe: stafilokoki hukaa puani na kwenye ngozi, na vingine hukaa utumboni. Aliyetobolewa utumbo na tifoidi yuko hatarini kuliko aliyepasuliwa ngiri ya kawaida, hata wakipasuliwa na daktari yuleyule. Mama aliyefikishwa usiku, chupa ya uzazi ikiwa imepasuka tangu jana yake, naye yuko hatarini zaidi. Ongeza operesheni iliyochukua saa nyingi, ugonjwa wa sukari, sigara, unene kupita kiasi na lishe duni.

"Amelogwa, ndiyo sababu hakifungi."
Apimwe sukari kwanza. Wengi hugundua wana ugonjwa huo baada ya kidonda kugoma kupona.

"Nyoa nyumbani kabisa, uende umejiandaa."
Hapana. Wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na vijidudu huzaliana humo usiku kucha. Mara nyingi nywele zinaweza kuachwa zilivyo. Zikizuia kazi, hospitali huzikata kwa mashine bila kukwaruza ngozi. Maandalizi ya nyumbani ni kuoga mwili mzima kwa sabuni kabla ya operesheni. Sabuni ya kawaida inatosha.

"Antibiotiki nyingi ndiyo kinga."
Hapa ndipo fedha za familia zinapopotea. Kinga yenyewe ni dozi inayotolewa kabla ya ngozi kukatwa, ndani ya dakika 120, ili dawa iwe tayari kwenye damu kisu kinapopita. Operesheni ikiwa safi na ikaisha salama, kuendelea kumeza vidonge wiki nzima hakuzuii usaha; huwafundisha vijidudu kuizoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli haitafanya kazi. Ni tofauti pale ambapo tumbo lilikuwa tayari na usaha: hapo daktari anatibu, hakingi, na dawa imalizwe kama alivyoandika.

Kuhusu kapsuli inayofunguliwa na ungaunga wake kumwagwa juu ya mshono, ninaomba tuache kabisa. Unga ule haukutengenezwa kwa ajili ya kidonda. Huganda na majimaji, ukafanya gamba, na chini ya gamba usaha hukusanyika bila mtu kuuona. Mwuguzi akija kufanya pansema, yaani kusafisha kidonda na kubadilisha bandeji, inabidi kwanza alibandue, na mgonjwa analia.

"Mayai na maharagi huleta usaha."
Mwili hufunga kidonda kwa protini. Mayai, maharagi, soya, sambaza (samaki wadogo) za ziwa letu la Kivu: hivyo ndivyo mgonjwa anavyovihitaji, mara daktari akiruhusu ale. Kumlisha ugali na maji ya mboga tu ni kumchelewesha.

"Maji yasiguse kabisa."
Kwa kawaida mshono uliofungwa vizuri, usiotoa majimaji, unaweza kuoshwa baada ya saa 48, kwa maji safi ya kumiminika, kisha ukakaushwa taratibu. Muulize mwuguzi wako kwanza. Kuogelea ziwani bado. Kinachonitia hofu zaidi kuliko maji ni vidole: shangazi ametoka soko la Kadutu akihesabu noti, anafika, anainua pansema aone kama kumepona. Anayemlinda mgonjwa awe mkali hapo. Mikono ioshwe kwanza, na pansema ifunguliwe na mwuguzi.

"Nimeruhusiwa kurudi nyumbani, nimepona."
Maambukizi mengi hujitokeza mtu akiwa tayari kwake, na hospitali huyahesabu hadi siku ya 30, au zaidi kama kuna chuma kilichowekwa mwilini. Angalia wekundu unaosambaa, joto, maumivu yaliyokuwa yamepungua kisha yakaanza upya, harufu, homa, mshono kuachia. Usaha si uchafu unaojisafisha wenyewe. Mara nyingi inabidi nyuzi chache zifunguliwe, usaha utolewe na kidonda kioshwe. Vidonge vya duka la dawa peke yake havitoshi. Wengi wanaochelewa wanajua hivyo, ila wanaogopa deni. Kwa hiyo, kabla ya kutoka, ulizeni bei ya pansema na ya kurudi kuonwa, na familia ijue fedha hizo zitatoka wapi.