Elimu kwa umma: Muuguzi mhitimu na njia sahihi ya kupata ajira ya kwanza

Kila linapotoka tangazo la nafasi za kada ya afya, masijala za halmashauri za Mkoa wa Dodoma hupokea bahasha nyingi za wahitimu wa uuguzi, na baadhi yao husindikizwa na wazazi kutoka Kondoa au Mpwapwa ili barua zigongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yao. Sambamba na hilo, yameongezeka malalamiko ya wahitimu wanaoombwa fedha na watu wanaojitambulisha kuwa maafisa utumishi. Makala hii inaeleza utaratibu uliopo. Haichukui nafasi ya tangazo lolote la ajira, wala haimhakikishii msomaji kupata kazi.

Mkurugenzi wa halmashauri hamwajiri muuguzi wa masharti ya kudumu kwa barua iliyoletwa mkononi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ndiyo inayotangaza nafasi, kuwachuja waombaji, kuwasaili na kuwapangia vituo waliofaulu, na maombi hutumwa kupitia mfumo wa Ajira Portal. Waliohitimu zamani bado huwaambia wadogo zao kwamba kada za afya huomba kupitia mfumo wa TAMISEMI na kupangiwa vituo bila usaili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa wakati wao. Sasa muuguzi anasailiwa kama mwombaji mwingine yeyote. Ofisi za Sekretarieti kuwapo hapa Dodoma, katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, hakumpi mkazi wa Dodoma upendeleo wowote, jambo ambalo tumelazimika kulieleza mara nyingi kuliko linavyostahili.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na awe na leseni hai. Mwenye shahada hutanguliza mwaka mmoja wa utarajali. Wapo wanaoona kwamba leseni inaweza kusubiri hadi jina litoke kwenye orodha ya walioitwa, na hao ndio wanaofika kwenye usaili wakiwa na cheti cha chuo peke yake, kisha wakarudishwa mlangoni na kuondoka wakisimulia kwamba nafasi zilikuwa na wenyewe. Msimamizi wa usaili hukagua cheti halisi cha usajili na leseni halisi, si nakala na si picha iliyohifadhiwa kwenye simu. Vivyo hivyo, hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti.

Suala la majina linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndilo linalowakwamisha watu wenye sifa zote. Mhitimu aliyeandikwa Elizabeti kwenye cheti cha kuzaliwa, Elizabeth kwenye cheti cha kidato cha nne, na ambaye kwenye kitambulisho cha Taifa jina la babu limechukua nafasi ya jina la baba, mbele ya mkaguzi ni watu watatu mpaka athibitishe vinginevyo. Kinachohitajika ni hati ya kubadili jina, ambayo huandaliwa na kusainiwa mbele ya wakili, kisha hupelekwa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya Wizara ya Ardhi. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayorukwa. Karatasi yenye muhuri wa wakili pekee, iliyotayarishwa asubuhi ya usaili, haijakamilika hata kama wakili amelipwa ada yake yote. Kosa likiwa kwenye kitambulisho, marekebisho huombwa NIDA, na inafaa kuanza na kosa hilo kwa sababu akaunti ya Ajira Portal hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho hicho. Kazi hii ifanyike kabla tangazo halijatoka, maana tangazo likishatoka siku zake ni chache na hazisogezwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Wapo wanaochagua njia fupi ya kurekebisha herufi wenyewe kwenye cheti. Kanuni ya Adhabu inatoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa kughushi nyaraka, na anayewasilisha nyaraka ya kughushi huku akijua, hata kama aliyeighushi ni mtu mwingine, naye ametenda kosa. Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kufanya kazi miaka mingi. Kuhusu fedha, kutuma maombi ya ajira serikalini hakuna malipo. Anayetoa rushwa na anayeipokea wote ni wakosaji, kwa hiyo mzazi aliyeuza ng'ombe ili “kumshika mkono” mtu asidhani kwamba sheria inamwona kuwa mhanga tu. Anayeombwa fedha, kabla hajatoa chochote, apige simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Hospitali binafsi na za mashirika ya dini, kama Mvumi wilayani Chamwino au Mtakatifu Gaspar kule Itigi, huajiri watumishi wao kwa taratibu zao, na huko barua ya maombi bado ina kazi. Leseni ni ileile. Muuguzi adai maelezo ya ajira kwa maandishi siku anapoanza kazi, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlazimu mwajiri kuyatoa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na zamu ya usiku huongezewa asilimia 5 ya malipo ya msingi kwa kila saa. Kujitolea kwenye zahanati humwongezea mtu uzoefu, lakini hakumpi haki ya kuajiriwa, na aliyekuahidi hivyo kwa mdomo hakuwa na uwezo wa kuahidi.

Aliyepangiwa kituo aripoti kwa mwajiri ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua yake, akiwa na vyeti halisi, namba ya akaunti ya benki na majina yanayolingana kote, kwa sababu mshahara hauanzi kulipwa mpaka taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo wa mishahara. Kituo hicho kinaweza kuwa zahanati ya kijijini Chemba au Mkalama, na asiyeripoti kwa wakati nafasi yake hujazwa na mwingine.