Maana ya "anga lenye nyota" katika limfoma ya Burkitt

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe unaoota kwenye taya za watoto. Aliuita sarkoma. Wanapatholojia wa hapo hapo Kampala walipouchunguza kwa hadubini waliona kuwa ni limfoma, yaani saratani ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu. Sura ya uvimbe huu kwenye hadubini huitwa anga lenye nyota.

Kipande cha uvimbe hukatwa chembamba sana, kisha hutiwa rangi mbili: hematoksilini, inayofanya viini vya seli viwe vya buluu iliyokoza, na eosini, inayoipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Kwa lenzi ndogo unaona eneo zito la buluu, lenye vidoa vyeupevyeupe vilivyotawanyika.

Wanaoanza kujifunza hukimbilia nyota wakidhani ndiyo saratani. Saratani ni lile giza. Badilisha lenzi, utaona limfosaiti za aina ya B zimesongamana, ukubwa wa wastani, viini vya mviringo, zote sura moja, na kila upande kuna seli inayogawanyika. Nyingi huzaliwa, nyingi hufa. Nyota ni makrofaji, seli za kinga zinazomeza mizoga hiyo. Ukitazama vizuri utakuta vipande vyeusi vya viini ndani yake.

Sasa, makrofaji hao hao wapo pia kwenye tezi ya limfu iliyovimba kwa maambukizi ya kawaida, kwa hiyo nyota peke yake haitoshi. Tofauti iko kwenye majirani zao. Tezi yenye maambukizi haijapoteza mpangilio wake, na seli zake ni mchanganyiko: limfosaiti ndogo, seli za plasma (zinazotengeneza kingamwili) zenye kiini kilichosogea pembeni, na penye usaha, nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, ambazo kiini chake kimegawanyika pingili tatu hadi tano. Kwenye Burkitt mpangilio umefutika, limebaki kundi moja tu.

Hata hivyo daktari makini hatii saini kwa sura peke yake. Huomba kipimo cha protini ya Ki-67, ambayo huonekana kwenye seli zilizo mbioni kugawanyika. Katika Burkitt hukaribia asilimia 100. Penye uwezo, jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika, nayo huchunguzwa kama imehama mahali pake. Majibu haya hayapaswi kukaa mezani, maana uvimbe huu hukua kwa siku, na tiba yake kuu ni dawa za saratani, si upasuaji.