Unamfundisha nyumbani mtoto mwenye mahitaji maalum? Sawa, ila jina lake liwe shuleni

Wazazi wa Moshi habarini. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza ukishaanza tu simu zinakuwa nyingi hapa ofisini, na safari hii wengi mnauliza kitu kimoja, "mwalimu, mwanangu ana usonji, nimeamua nimfundishe mwenyewe nyumbani, kuna shida?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike.

Mzazi anayekaa chini na mtoto wake akamfundisha namheshimu sana. Kuna mama mmoja wa Pasua nilienda kwake, mtoto alimtoa shule akiwa bado awali kwa sababu kengele ya pale ni ile rimu ya gari inayogongwa na nondo, ikilia tu mtoto anaziba masikio anaingia chini ya dawati na kujikojolea, wenzake wanacheka. Nyumbani mama kakata boksi la sabuni akachora siku nzima ya mtoto, mswaki, kikombe cha uji, daftari, mpira, kitanda, na kila kazi ikiisha mtoto mwenyewe anaweka kizibo cha soda juu ya ile picha na kwenda inayofuata. Hesabu anafanyia kwenye trei ya mayai na maharage. Nilikaa pale saa nzima, anajumlisha mpaka 20 hasaidiwi na mtu. Mwalimu aliyesomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalum, angefanya vile vile.

Shida ilikuja watoto wa rika lake walipofika darasa la nne. Mama kaenda shule ya jirani aombe mwanae afanye mtihani na wenzake, kaulizwa namba ya PREM, ile namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa kumbukumbu za shule za msingi, hana, kwenye mfumo huyo mtoto hayupo kabisa. Miaka yote ile ya kazi nzuri hakuna karatasi hata moja inayoionyesha, na mtoto imebidi aanzie mwanzo. Iliniuma, na inaniuma zaidi nikijua wako wengine.

Sasa utaratibu, naomba msome taratibu. Unaanza shule ya msingi iliyo karibu na kwako, unaenda na cheti cha kuzaliwa, kama huna nenda na kadi ya kliniki, mwalimu mkuu anamwandika hata kama mtoto hawezi kukaa darasani, hana mamlaka ya kumkataa kwa sababu ya ulemavu, akikataa mwone afisa elimu kata siku hiyo hiyo usisubiri wiki. Akishaandikwa unaomba upimaji. Walimu wa elimu maalum wanaangalia anavyojifunza, na panapohitajika masikio, macho au viungo anapelekwa hospitali, kwa huku kwetu wengi wanaenda KCMC. Baada ya hapo ndo tunakaa na wewe mzazi kuamua: darasa la kawaida, kitengo cha elimu maalum ndani ya shule ya kawaida, shule kama Mwereni kwa wasioona, au abaki nyumbani mwalimu awe anamfuata. Nyumbani ni uamuzi unaokubalika kabisa, sio kosa. Anaandikiwa mpango wake binafsi, unasaini, na kila mwalimu akija mnaandika nini kimefanyika. Ukihamia Arusha unachukua uhamisho kwenye mfumo, usiondoke kimya kimya.

Ambacho sikubaliani nacho ni hii habari kwamba ulemavu ni msamaha wa kutoandikishwa. Hapana jamani, sijui mnaitoa wapi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma kama wengine, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja kabisa mtoto mwenye ulemavu kwamba apate nafasi sawa ya elimu, na anayevunja haki za mtoto adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6 au vyote kwa pamoja. Na kwa sera ya elimu toleo la 2023 elimu ya lazima ni miaka 10. Sitaki kumfikisha mzazi huko, wengi mnahangaika kwa upendo, lakini mjue ipo.

Wengine mnanitumia habari za Uingereza kwamba kule watu wanasomesha nyumbani. Ni kweli wanaruhusiwa, ila hata huko mtoto aliyepangiwa shule maalum na halmashauri yake mzazi hamtoi bila ridhaa ya halmashauri.

Na upimaji sio kumwandika mtoto mjinga. Ndo unaomfungulia mlango. Kwenye mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani, mwenye uoni hafifu anapewa karatasi ya maandishi makubwa, asiyeona nukta nundu, na wenye mahitaji maalum wanaongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kwenye masomo mengine. Hayo yote shule inayaombea kwa jina, sasa jina likiwa halipo tutamwombea nani?

Kwaiyo kama umeshamfundisha mwaka au miwili usiogope kuja, hatuanzi na kukugombeza. Njoo na mtoto asubuhi akiwa hajachoka, na kile anachokipenda mkononi, na uje na lile daftari lako la nyumbani hata kama limechanika, kwenye upimaji tunaanza na hilo.