Hajasahau neno, amepotewa na maana

Kila anapotajwa Bruce Willis, hakosekani mtu wa kusema mwigizaji huyo "ana ugonjwa wa kusahau". Familia yake ilitangaza afasia, yaani kuharibika kwa uwezo wa lugha, Machi 2022, kisha Februari 2023 ikautaja ugonjwa wenyewe: dimensia ya frontotempora. Ni kundi la magonjwa yanayoua taratibu seli za ubongo nyuma ya paji la uso na ubavuni, usawa wa masikio. Mara nyingi huanza mtu akiwa na miaka 45 hadi 65, kwa hiyo hata uzee tunausingizia. Wengine huanza kubadilika tabia, wengine hupotewa na lugha. Nabaki kwenye lugha, maana hapo ndipo "kusahau" kunaponikera.

Kusahau neno sote tunakujua. Unataka kusema "kinu", jina liko ulimini halitoki, unazunguka na "kile cha kutwangia", mwenzako akikutajia unadakia: "Ee, kinu!" Maana unayo, kilichokwama ni jina. Kwenye aina moja ya ugonjwa huu, iitwayo ya kisemantiki, yaani ya maana, ni kinyume. Mgonjwa anaongea bila kukwama, sarufi yake haina kasoro, na mgeni wa jana anamkumbuka vizuri. Mtajie kinu, atakuuliza, "Kinu ndiyo nini?" Mwambie alirudie neno, atalirudia sawasawa. Kumdokezea silabi ya kwanza hakumsaidii. Dhana yenyewe imemomonyoka, tena huanzia kwenye mambo madogo madogo: korongo anakuwa ndege tu, baadaye mnyama, mwisho "kile kitu".

Sababu iko kwenye nyaya za ubongo. Ncha ya mbele ya tempo, ile sehemu ya ubongo iliyo ubavuni, hasa ya kushoto, ni kama stendi kuu: umbo la kinu, mlio wake, matumizi yake na jina lake hutoka sehemu tofauti za ubongo na kukutana hapo. Stendi ikifa, njia zote zinakosa pa kuonania. Pia kifungu cha nyuzi chenye umbo la ndoano, kinachounganisha ncha hiyo na sehemu ya chini ya paji, huonekana kwenye picha za MRI kikiwa kimechakaa. Mwaka 2009 mtafiti wa ubongo William Seeley na wenzake walionyesha kuwa magonjwa haya hayasambai ovyo, bali hufuata mitandao ileile ambayo kwa watu wazima wenye afya hufanya kazi pamoja.

Aina nyingine hushika sehemu ya mbele kushoto. Huyo maana anayo, ila kuunda sentensi ni kazi nzito: anavuta maneno, anadondosha viungo vya sarufi, ulimi unagoma. Na ile ya tatu, ambayo mgonjwa hutua tua kutafuta maneno, yaani inayofanana zaidi na "kusahau", mara nyingi kiini chake ni Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau unaojulikana zaidi. Ndiyo inayochanganya watu. Lakini daktari Arnold Pick alimweleza mgonjwa wake wa Prague, mzee wa miaka 71 aliyepotewa na lugha, mwaka 1892; Alois Alzheimer alikuja kueleza wa kwake mwaka 1906. Dimensia ya frontotempora si tawi la Alzheimer, na dawa za Alzheimer haziusaidii.

Kwetu kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Mgonjwa Mwingereza hufichuliwa na kusoma: maneno yenye tahajia za ajabu huanza kuyatamka kama yalivyoandikwa. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, hivyo dalili hiyo haina pa kujitokeza. Mzee wako anaweza kukusomea gazeti zima bila kujikwaa huku nusu ya maneno hayana maana kwake.

Kwa hiyo ukiambiwa mtu "anasahau maneno", mpe kijiko au funguo mkononi, muulize ni vya nini. Akionyesha matumizi na kukosa jina tu, sema anasahau. Akikigeuzageuza kijiko na kukuuliza ni kitu gani, tafadhali, tumia neno jingine, na umweleze daktari hivyo hivyo ulivyoona.