Mnadani, lala chini ya gari kwanza

Juzi kijana mmoja alinipigia simu kutoka Moshi, sauti imejaa furaha. "Shikamoo mzee! Nimepata Land Rover 109, Series III, rangi mpya kabisa. Nyundo imegonga kwangu." Nikamwitikia, kisha nikamuuliza kama aliingia chini yake kabla ya kupandisha dau. Akanyamaza.

Nimekagua magari ya zamani hapa Unga Limited, Arusha, kwa miaka mingi, na simu za namna hiyo huniuma, kwa sababu Land Rover ya zamani humdanganya mgeni kwa jinsi ilivyoundwa. Ilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, ndipo kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa alumini. Alumini haishiki kutu ile nyekundu tunayoijua. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni chuma. Kwa hiyo milango na mabawa yanaweza kuwa mazuri huku uti wa mgongo umekwisha kuliwa.

Siku ya ukaguzi mimi hubeba tochi, nyundo ndogo, sumaku na kipande cha turubai cha kulalia. Naanzia nyuma, kwenye boriti inayobeba ndoano ya kuvutia tela, maana hapo ndipo tope hujikusanya na kukaa na unyevu. Kisha nakwenda kwenye mashikio ya springi, halafu pale dereva anapoweka miguu. Gonga taratibu. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa. Ukiweka sumaku kwenye chasisi ikateleza, jua umekuta bodifila, ile pasti ya kuzibia mashimo, iliyopakwa rangi nyeusi juu yake. Ila usiijaribu kwenye mlango ukashtuka, alumini haishikwi na sumaku. Uliza pia gari limeishi wapi. Lililozeekea Monduli na lililozeekea Tanga kwenye chumvi ya bahari si ndugu, hata kama yalitoka kiwandani siku moja.

Land Cruiser za zamani za FJ40 ni habari nyingine, bodi nayo ni chuma, hivyo kutu utaiona mapema bila kusumbuka sana.

Ukitoka chini ya gari, shika kadi. Kwenye Series III namba ya chasisi imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye shikio la springi. Isugue kwa brashi ya waya, uisome tarakimu kwa tarakimu. Soma na ya injini. Tarakimu moja ikipishana na kadi, dai maelezo kabla ya nyundo, maana ukishanunua hakuna wa kukusikiliza: tangazo limeandika "kama lilivyo, mahali lilipo", na maneno hayo yana nguvu. Mengi ya matangazo ya hapa yanataka asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14. Ukishindwa, amana imekwenda. Piga hesabu ya kulivuta, kulisajili na kulitengeneza kabla hujanyoosha mkono, kisha andika kikomo chako kwenye karatasi. Wapambe wa kupandisha bei wapo, na joto la mnada limewaumiza hata watu wazima wenye busara.

Kuhusu magari yaliyobadilishwa, Arusha ni kwao. Land Cruiser iliyokatwa chasisi ikarefushwa na kuwekewa paa la kuinuka ni gari la kazi ya utalii, na bei yake hufuata kazi. Angalia maungio ya chasisi na propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, iliyoongezwa urefu. Miaka ya kupigwa na vimatuta vya njia ya Naabi kwenda Seronera, kule Serengeti, hufungua nyufa pembeni mwa weldingi. Mkusanyaji wa magari ya kale hataligusa. Yeye anataka injini iliyozaliwa na gari. Marekani, kwa mfano, gari lililotimiza miaka 25 halibanwi tena na viwango vya usalama vya magari mapya, ndiyo maana wateja wa huko huulizia Land Rover za kale zenye vitu vyake vya asili. Ukifunga injini ya Toyota kwenye 109 utafurahi barabarani, lakini siku ya kuuza mteja huyo umempoteza. Kama umeshaifunga, ile ya zamani usiipeleke kwenye chuma chakavu. Itunze pembeni, uiuze pamoja na gari.

Kijana alileta gari lake Ijumaa. Tuligonga wote wawili. Boriti ya nyuma ilikuwa bodifila zaidi ya nusu, akainama akashika kichwa. Mashikio ya springi ni mazima, namba zote mbili zinalingana na kadi, na injini ni ileile ya lita 2.25. Nimemwomba asiiguse. Jumatatu tunaanza kukata kipande cha nyuma.