Kansa nayo inachoka, ila imezoea

Jumapili nilienda Mbagala kumsalimia mama mdogo, tuko kwenye wali akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndo unashinda maabara na hizo kansa, hivi huo uvimbe wenyewe hauchoki? Unakua tu?" Nikamwambia unachoka mama, tena unachoka kuliko seli zako za kawaida. Akacheka akadhani namtania. Sikuwa namtania, ndo kazi yangu hiyo, ngoja nieleze vizuri maana pale wali ulikuwa unapoa.

Seli inatengeneza protini kama uzi mrefu wa amino asidi, na uzi ukibaki uzi tu haufanyi kitu, mpaka ukunjwe upate umbo lake. Karibu theluthi moja ya protini zetu, hasa zile za kutolewa nje ya seli au za kukaa kwenye utando wake, zinakunjwa kwenye chumba kinaitwa endoplazimiki retikulamu, sisi tunasema ER basi.

Sasa mi nikifikiria ER namkumbuka dobi wa mtaani kwetu Magomeni, wiki ya mwisho ya mfungo. Kanzu za mtaa mzima zimerundikana kwake, kila mtu anaitaka kabla ya Idi, umeme hakuna, yeye na pasi yake ya mkaa, na kanzu nyingine lazima itiwe wanga ndo ikae. ER hivyo hivyo: protini nyingi zinabandikwa vinyororo vya sukari ndo zikunjike sawasawa (wanga huo), halafu kuna vifungo vya salfa vya kushika umbo, na hivyo vinataka oksijeni. Ndani ya uvimbe mishipa ya damu imejengwa ovyo ovyo, sukari haba, oksijeni haba, na bado seli inagawanyika kama imetumwa. Yaani oda zimejaa, wanga umeisha na mkaa unaelekea kuisha.

Protini iliyokunjwa vibaya haikai kimya, inanatana na wenzake. Kwa hiyo ER ina walinzi watatu, IRE1, PERK na ATF6. Kwenye siku ya kawaida kuna msaidizi wa kukunja anaitwa BiP ambaye amewashikilia, kazi zikizidi BiP anakimbilia kwenye rundo na walinzi wanaamka. PERK anafunga mlango, anapunguza utengenezaji wa protini mpya karibu seli nzima, kama dobi anayesema leo sipokei. IRE1 anafanya kitu ambacho mi hadi leo nakishangaa, anakata kipande cha herufi 26 tu kutoka kwenye ujumbe wa jeni ya XBP1, ujumbe unaungwa upya, na protini inayotoka hapo inaenda kuamuru waongezwe wakunjaji na chumba kipanuliwe. ATF6 naye anasafirishwa, anakatwa, kipande chake kinaenda kwenye kiini kuongeza BiP na wengine. Protini zilizoshindikana kabisa zinatolewa nje ya ER zikasagwe kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini. Kazi hii ya ulinzi ya IRE1 iligunduliwa mwaka 1993 kwenye hamira, ndio, hamira, na watafiti Kazutoshi Mori na Peter Walter wakapewa Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba, mwaka 2014 kwa kazi hii.

Rundo lisipopungua, mfumo huo huo unageuka. PERK akikaa macho muda mrefu protini inaitwa CHOP inapanda na seli inajiua. Hapo ndo ujanja wa kansa ulipo, na watu wengi wanakosea wakidhani kansa ina mashine yake ya ajabu, hapana, imechukua mfumo wa dharura wa kila seli ikaufanya wa kila siku, inajipanga chini kidogo ya pale pa kujiua. BiP yenyewe ina jina lingine, GRP78, ilipewa baada ya kuonekana miaka ya 1970 inapanda kwenye seli zilizonyimwa glukosi, na kwenye uvimbe wa aina nyingi unaikuta iko juu.

Mfano mzuri ni mayeloma, kansa ya seli za plazima kwenye uboho. Hizi ni seli ambazo kazi yao ya asili ni kutema antibodi, zile protini za kinga ya mwili, maelfu kwa sekunde, yaani kwao kila siku ni wiki ya Idi. Dawa ya bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, inaziba proteasomu, kwa lugha ya dobi umemfungia pa kutupia matambara. Rundo linamwangukia. Seli za kawaida nyingi zinavumilia kwa sababu hazikuwa ukingoni, ingawa mishipa ya fahamu ya mgonjwa inaumia, ganzi na kuungua miguuni, hilo si dogo.

Kinachoniuma kichwa ni zile zinazobaki. Baadhi ya seli za mayeloma zinazokuwa sugu zinakuwa zimezima XBP1 na kupunguza antibodi, dobi amekataa kanzu zote anafua soksi tu, sasa hata ukimzibia jalala ana nini cha kurundikana?